Umefukuzwa kazi au bosi anakupiga danadana na mshahara? Fuata hatua hizi mpaka CMA Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu. Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila wiki, mtu kafukuzwa hoteli Area C, mwingine kafanya kazi saiti kule Mtumba miezi mitatu kalipwa mmoja, dada wa duka Majengo kakatwa mshahara wote kisa shoti ya stoo, yaani mali iliyopungua, na wote wanauliza "sasa naanzia wapi". Wengine wameshaenda polisi wakaambiwa hii sio kesi yetu, wengine wameenda kwa mwenyekiti wa mtaa wakapoteza mwezi mzima kwenye vikao.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndo hiyo watu wanaiita CMA. Ipo hapa hapa mjini, huduma yake hailipiwi, na huhitaji wakili kufungua mgogoro.

Ila kabla ya yote shika hili, kwa sababu ndo linaloua madai mengi kuliko kukosa ushahidi. Kama umeachishwa kazi na unaona umeonewa una siku 30 tu za kufungua mgogoro, zinahesabiwa toka siku ulipoachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine yote, mshahara, ovataimu, likizo, makato, ni siku 60 toka tatizo lilipotokea. Bosi akikwambia "njoo mwisho wa mwezi tumalizane", akikwambia "mhasibu kasafiri yuko Dar", siku zinatembea tu. Mabosi wengine hawajui hii sheria lakini wengine wanaijua vizuri sana, na ndo maana wanakuwa wapole ghafla baada ya kukufukuza.

Kwanza angalia kama CMA inakuhusu

Sekta binafsi wote mnahusika: walinzi, wahudumu wa baa, walimu wa shule binafsi, dada wa kazi za ndani, madereva, wauza duka, vibarua wa saiti. Mtumishi wa umma ana njia yake kupitia mamlaka yake ya nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma, asianzie huku.

Fundi aliyechukua dili, yaani mmekubaliana upige plasta nyumba nzima kwa bei fulani, unakuja na vijana wako na vifaa vyako na unajipangia muda mwenyewe, wewe sio mwajiriwa, hilo ni deni, nenda Mahakama ya Mwanzo. Lakini kibarua anayekuja kila siku, anapangiwa saa na supavaiza, anatumia vifaa vya saiti, usikubali kuambiwa "wewe sio mfanyakazi wetu". Sheria inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kwa dalili kama hizo, mojawapo ni kumfanyia mwajiri huyo huyo kazi angalau wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu ya mwisho. Hizo saa 45 kibarua wa Dodoma anazimaliza ndani ya wiki moja.

Na kama una chini ya miezi sita kazini huwezi kudai umeachishwa isivyo halali, ila mshahara wa siku ulizofanya na notisi (malipo ya kuachishwa bila taarifa ya mapema) unadai kama kawaida. Watu wengi wanachanganya hapo wanakata tamaa bure.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho chako, NIDA au cha kazi
- Mkataba au barua ya ajira kama ipo, kama haipo usistuke, tutafika
- Barua ya kuachishwa, au meseji, au jina la aliyekwambia kwa mdomo na waliosikia
- Ushahidi wa malipo: salari slipu, taarifa ya benki, au ya M-Pesa, Airtel Money, vyovyote ulivyokuwa unalipwa
- Taarifa ya michango yako NSSF
- Namba za simu za wenzako wawili watatu waliokuona kazini
- Hela kidogo ya kuprinti na fotokopi, na nauli ya daladala

Hatua zenyewe

1. Andika tarehe leo hii. Chukua daftari uandike ulianza kazi lini, ukaachishwa lini, nani alisema nini, mshahara wa mwisho ulipokea lini na shilingi ngapi. Afu hesabu siku 30 na siku 60 uzizungushie kwenye kalenda. Ukiulizwa baada ya miezi mitatu utakuwa umesahau, na mwajiri anakuja na faili lake limepangwa.

2. Usisaini chochote ambacho hujakisoma ukakielewa. Hapa ndo watu wanaliwa. Mchezo wa kwanza: "andika barua ya kuacha kazi nikupe hela yako leo leo". Ukiandika umeacha mwenyewe, kesi ya kufukuzwa imekufa, na hiyo hela mara nyingi haiji yote. Mchezo wa pili: karatasi imeandikwa "nimelipwa stahiki zangu zote na sina madai", wewe unapewa laki moja unasaini kwa sababu una njaa. Ukilazimika kupokea hela kidogo pokea, ila andika kwa mkono wako mwenyewe "nimepokea shilingi kadhaa, sehemu ya mshahara wa mwezi fulani" na upige picha.

Mchezo wa tatu unafanywa na mfanyakazi mwenyewe, anakasirika anaondoka haongei na mtu. Ukikosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana, hilo lenyewe ni kosa linaloweza kukuachisha kazi kihalali. Kama bosi amekufungia geti mtumie meseji siku hiyo hiyo: "Bosi nimefika kazini leo saa mbili mlinzi kanizuia, naomba kujua hatma yangu". Meseji moja kama hiyo inasaidia sana huko mbele.

3. Kusanya ushahidi kabla hujatolewa kwenye grupu. Ukishafukuzwa dakika ya pili unatolewa kwenye grupu la wasap la kazini, kwa hiyo piga skrinishoti mapema, zamu zako, meseji za bosi za "mbona umechelewa", picha za daftari la mahudhurio. Chati usifute na simu usiuze, maana ushahidi wa kielektroniki unakubalika ila unaweza kuulizwa ulikotoka. Kama ulikuwa unalipwa kwa simu nenda kwenye ofisi ya mtandao wako uombe taarifa ya miamala ya miezi yote, sio skrinishoti za meseji mbili tatu.

NSSF nenda hata kama hujafukuzwa. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya hiyo, yaani asilimia 10. Kuna watu wanakatwa kila mwezi na huko NSSF hakuna kitu. Hayo malalamiko unayapeleka NSSF wenyewe, wana watu wa kufuatilia waajiri.

4. Tafuta jina halisi la mwajiri. Naomba hapa usome taratibu. Jina kwenye bango sio lazima liwe jina la mwajiri. Bango limeandikwa "Lodge" fulani, kumbe kisheria ni kampuni yenye jina tofauti kabisa, au ni mtu binafsi ambaye hata wewe humjui kwa jina lake kamili, unamjua kama Mama Junior tu. Ukishtaki jina ambalo halipo, mwenzako anasubiri mpaka mwisho afu anasema "huyo aliyeshitakiwa sio mimi", na unaweza kushinda karatasi isiyoweza kumkamata mtu.

Angalia mkataba, kitambulisho cha kazi, salari slipu. Kama huna, njia rahisi ninayoipenda ni hii: nenda au mtume mtu akanunue hata soda pale, adai risiti ya EFD. Juu ya risiti kuna jina la mlipakodi na TIN. Jina la kampuni unaweza pia kulitafuta kwenye mtandao wa BRELA, wale wanaosajili makampuni. Kwenye saiti za ujenzi soma lile bango kubwa la mradi, kuna mkandarasi mkuu pale, ila wewe inawezekana umeajiriwa na mkandarasi mdogo chini yake, kwa hiyo uliza nani hasa alikuwa anakulipa.

5. Piga hesabu ya madai yako. Usiende kusema "nataka haki zangu". Zitaje na uziwekee namba. Kwa anayelipwa kwa mwezi, za kawaida ni hizi:

- Mshahara ambao hujalipwa, pamoja na siku ulizofanya mwezi wa mwisho
- Notisi: siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki, na kama uliachishwa ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7
- Likizo ambayo hukupewa, siku 28 kwa mwaka
- Kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Uwe umefikisha mwaka, na usiwe umeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu
- Ovataimu: wiki ya kazi mwisho saa 45, zinazozidi ni mara moja na nusu
- Cheti cha utumishi, hii ni haki yako hata kama mligombana
- Nauli ya kurudi ulikochukuliwa, kama walikutoa mkoa mwingine kuja kufanya kazi hapa

Mfano. Mshahara 312,000 kwa mwezi, unafanya kazi siku sita kwa wiki, miaka mitatu kamili, umefukuzwa ghafla, unadai mwezi mmoja na siku 10, na likizo ya mwaka mmoja hukupewa. Siku moja ni 312,000 gawanya kwa 26, inakuja 12,000. Mshahara 312,000 + 120,000 = 432,000. Notisi 312,000. Likizo 312,000. Kiinua mgongo 12,000 × 7 × 3 = 252,000. Jumla 1,308,000. Hapo bado fidia ya kuachishwa isivyo halali ambayo inaombwa pembeni. Usipachike milioni 50 za "usumbufu" kwa sababu jirani kakwambia, zinakufanya hata zile za kweli zionekane za kubuni.

Na kuhusu kukatwa kwa ajili ya hasara au shoti, hili linawasumbua sana wa baa na maduka: bosi haruhusiwi kukukata kienyeji. Anatakiwa akueleze kwa maandishi hasara ni nini na imetokeaje, akupe nafasi ya kujieleza, ukubali deni kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Kwa hiyo kama ulikatwa mshahara mzima hiyo hela iweke kwenye madai.

6. Barua ya madai kwa mwajiri. Sio lazima, ila wengine wanalipa wakiona tu maandishi. Nusu ukurasa, taja madai, mpe siku saba, baki na kopi. Asipojibu endelea. Barua haisimamishi zile siku 30.

7. Jaza fomu namba 1 ya CMA. Inapatikana ofisini kwao. Mgogoro unafunguliwa kwenye ofisi ya eneo ambalo tatizo lilitokea, kwa hiyo kama ulifanya kazi Dodoma fungua Dodoma, usikubali kutishwa eti makao makuu ya kampuni yapo Dar.

Makosa ninayoyaona kwenye hii fomu:

Watu wanaweka tiki kila mahali. Weka tiki kwenye aina ya mgogoro wako. Kama umeachishwa kazi kuna sehemu B inayohusu kuachishwa tu, hiyo usiiache wazi, hapo unasema kwa nini sababu haikuwa ya haki na kwa nini utaratibu haukufuatwa. Mfano wa utaratibu: sikupewa tuhuma kwa maandishi, hakukuwa na kikao cha nidhamu, au niliitwa asubuhi kikao mchana wakati natakiwa nipewe angalau saa 48 kujiandaa.

Tarehe mgogoro ulipotokea wanaandika kwa kukisia. Iandike sawa na ile ya kwenye daftari lako na kwenye barua, zikipishana unajitengenezea pingamizi.

Kwenye matokeo unayotaka wanaandika kitu kimoja wanasahau vingine. Usichokiomba kwenye fomu usitegemee kupewa mwishoni. Na kama unataka kurudishwa kazini sema, kama unataka fidia sema.

8. Mpelekee mwajiri kopi, kisha rudisha CMA. Mwajiri anatakiwa apate kopi ya fomu na wewe uwe na uthibitisho kwamba kaipata. Toa kopi tatu. Mpelekee, asaini na kupiga muhuri na tarehe kwenye kopi yako. Akikataa kusaini usigombane naye getini, nenda na shahidi, au tuma kwa rejista Posta utunze stakabadhi, au mkaape hati ya kiapo kwamba mlimpelekea akakataa. Ukishamaliza hapo ndo unasajili CMA na kupewa namba ya mgogoro, za huku zinaanza na CMA/DOM. Iandike mahali usipoweza kuipoteza.

Usifanye haya siku ya 29. Muhuri haupatikani, bosi kaenda Singida, umeme umekatika steshenari, siku imeisha.

9. Usuluhishi. Mtaitwa wote wawili mbele ya msuluhishi, na hii hatua inatakiwa iishe ndani ya siku 30 toka ulipofungua mgogoro. Msuluhishi halazimishi mtu, na yanayosemwa pale ni ya siri, hayaendi kutumika dhidi yako baadaye, kwa hiyo ongea kwa uhuru. Nenda ukiwa umeshaamua kichwani kiasi ambacho chini yake hukubali. Na fika mapema, maana usipotokea msuluhishi anaweza kutupa malalamiko yako, na mwajiri asipotokea anaweza kuyaamua bila yeye.

Mkikubaliana yaandikwe kwenye fomu ya CMA na wote msaini mbele ya msuluhishi. Kuna wajanja wanakuvuta koridoni wanakwambia "futa kwanza kesi jioni nakutumia kwenye simu". Hapana. Kama ni kwa awamu ziandikwe tarehe za kila awamu, na sharti kwamba akikosa moja deni lote linadaiwa kwa mpigo. Makubaliano hayo yana nguvu ya kutekelezwa kama hukumu.

10. Uamuzi. Mkishindwana mnapewa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, unajaza fomu ya kupeleka mgogoro kwa mwamuzi. Hapa sasa ni kama kesi, mashahidi, vielelezo, maswali. Wewe unathibitisha kwamba ulikuwa mwajiriwa na uliachishwa, mwajiri ndo anatakiwa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Ukiweza pata mtu wa kukusaidia kuanzia hapa. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi kama TUICO, CHODAWU au TAMICO nenda kwao, kama huna chama tafuta wasaidizi wa kisheria, wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatakiwi kukulipisha.

Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ana wiki sita za kuomba marejeo Mahakama Kuu, yaani uamuzi upitiwe upya. Na ukishinda mwajiri akakausha, unaomba utekelezaji wa tuzo mahakamani, anaweza kukamatiwa mali.

Ukikwama

*Siku 30 zimeshapita.* Kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, inaenda na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini ulichelewa, siku kwa siku. Kulazwa hospitali na vyeti vyake ni sababu. "Bosi aliniahidi" pekee yake ni sababu nyonge, ila kama una meseji zake ambatanisha. Nenda leo, kila siku unayoongeza nayo utaulizwa.

*Sina mkataba wa maandishi.* Mwajiri ndo mwenye wajibu wa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi. Akishindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Wewe leta miamala, picha, yunifomu, wenzako.

*Mashahidi wanaogopa, bado wako kazini pale.* Kawaida hiyo, usiwalaumu. Tafuta aliyeshaacha kazi, au mama ntilie aliyekuwa anawaletea chakula kila siku, anakujua vizuri kuliko HR.

*Bosi anatishia kunifungulia kesi ya wizi.* Hiyo ni kesi ya jinai, ina njia yake polisi na mahakamani, na haikuondolei haki ya kudai CMA wala haisimamishi siku zako. Ukiitwa polisi nenda, usikimbie, ila usikubali kusaini "nitalipa kupitia mshahara ninaodai" ili mambo yaishe.

*Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja ukaisha hawakuongeza.* Mkataba wa muda ukifika mwisho umeisha wenyewe. Una hoja tu kama walikupa matumaini ya kweli kwamba wataongeza, kwa mfano umeongezewa mara kadhaa huko nyuma au kuna barua pepe inayosema hivyo.

*Mwajiri ni ndugu yangu, naona aibu.* Anza na usuluhishi wa kifamilia kama unataka, mjomba na shangazi wakae, lakini fungua mgogoro ndani ya muda, mkielewana nyumbani unaenda kuufuta.

*Kampuni imehama, ofisi imefungwa.* Ndo maana nilisema jina halisi na TIN. BRELA wana anwani iliyosajiliwa na majina ya wakurugenzi, kwa hiyo fomu unaipeleka kwenye anwani hiyo kwa rejista. Kama kuna mradi ambao bado wanadai hela kwa mwenye kazi, iweke hiyo taarifa kwenye faili lako mapema, itakufaa siku ya utekelezaji.